Magari Sita ya Ukoo Mmoja

Daktari wa Meno alipostaafu alibaki na magari sita. Hayakuwa ya kuokoteza, moja hapa, moja pale. Yalikuwa ya ukoo mmoja, jina lile lile kwenye pua, la kwanza likiwa limetoka kiwandani kabla yeye mwenyewe hajaota jino, na la sita likiwa bado linanukia upya wa dukani. Aliyapanga kwa umri ndani ya jengo lililokuwa ghala la mbao, mgongo kwa ukuta, nyuso zote kwenye mlango, kama watu wanaosubiri kupigwa picha.

Watu wa mtaani walishayabatiza. La kwanza, lililosimama wima na milango minene, ni Kabati. La pili, kwa yale mapezi mawili ya nyuma, ni Papa. La tatu lina pembe nne kali, basi likawa Sanduku. La nne likaitwa Bwana Harusi, maana hakuna harusi iliyolikosa. La tano Yai. La sita, ambalo injini yake ikiwaka unabaki kuuliza kama imewaka, likaitwa Kimya.

Miaka ishirini viti vya ukoo ule vilishonwa na mtu mmoja, fundi mwenye kibanda chake hatua thelathini kutoka ghalani. Sasa mikono ya fundi yule ilikuwa inatetemeka hata akishika kikombe. Aliyekuwa akimtungia uzi, akimkatia ngozi, na miezi ya karibuni akimshonea kila kitu bila kusema, ni mpwa wake, binti mwembamba ambaye makanika walimwita Sindano. Hakuwa msemaji. Alikuwa mtu wa kutazama. Angeweza kutazama mshono mmoja mpaka chai ikapoa na kuingia nzi.

Siku Daktari alipokuja na furushi begani, Sindano alikuwa ameshika mkasi.

"Mzee mwenzangu," Daktari alimwambia Mjomba, "kiti cha nyuma cha Kabati kimekufa. Ngozi imepasuka kama kisigino kisichojua mafuta. Na Jumamosi wanakuja watu wa chama chetu cha magari ya zamani, wanataka kuuona ukoo wote kwa mpigo."

"Atashona huyu."

"Huyu?"

"Huyu."

Daktari alimtazama Sindano kama anayekagua jino: juu, chini, pembeni. "Usinielewe vibaya, binti. Lakini mimi kazi nampa fundi. Simpi mpwa wa fundi."

"Basi mpe Kabati peke yake," Mjomba akasema. "Akiweza, kazi ya yote sita ni yake, mimi nakaa hapo nje naota jua. Akiharibu, yapeleke yote kwenye ile karakana kubwa, wakakushonee kwa kompyuta."

Wakapeana mikono. Sindano hakuulizwa. Lakini moyo ulimlipuka, kwa sababu magari yale aliyajua kama wengine wanavyowajua mashangazi, na hakutaka kuyaona yakipita barabarani kuelekea kwa watu wengine.

Ndani ya furushi mlikuwa na ngozi moja nzima, nyekundu ya kuiva, iliyoagizwa mbali na kusubiriwa miezi minne. Ilikuwa moja tu. Daktari alirudia neno hilo mara mbili kabla ya kuondoka.

Sindano alikivua kiti cha zamani gamba lake la ngozi kwa uangalifu, akalitundika kwenye msumari ukutani. Halafu akafanya kama mikono yake ilivyozoea. Na mikono ile ilikuwa imelelewa na Bwana Harusi na Yai, magari yanayopita kibandani kila mara; Kabati na Papa bado yalikuwa na viti vya kiwandani, hata Mjomba hakuwahi kuvifumua. Viti vya magari yale ndani ni sponji, na sifa ya kiti cha sponji ni kukazwa. Unakata ngozi pungufu kwa upana wa kidole, unaivuta mpaka meno yanauma, unafunga. Ukikipiga kofi, kilie kama ngoma.

Kwenye gamba la zamani kulikuwa na mistari kumi na minne ikishuka toka juu hadi chini. Sindano aliichora ile mistari kwa chaki juu ya ngozi mpya, akapitisha sindano juu yake, mmoja baada ya mwingine, imenyooka mpaka ungedhani imepigwa rula. Jumanne asubuhi kiti kilikuwa ndani ya Kabati. Kilimeta. Mjomba alikizunguka mara mbili, akacheka peke yake.

Kiti kipya huonjwa na Bonge. Huyo ni makanika wa jirani, mtu wa kilo mia na kitu, na desturi ya kibandani ni kwamba kiti kilichomstahimili Bonge kitamstahimili yeyote.

"Bosi anaingia," Bonge akasema, akipangusa suruali yake nyuma. "Dereva, nipeleke uwanja wa ndege."

Akakaa.

Kwanza ilisikika springi moja, ikiguna huko chini. Halafu, paa! Paa! Paa! Mistari mitatu ya katikati ikafumuka kwa pamoja, ngozi ikafunguka midomo.

Bonge hakuthubutu kujitikisa. "Jamani. Ni mimi au ni kiti?"

"Ni wewe," Mjomba akamjibu haraka.

"Ni mimi," Sindano akasema.

Ngozi si kitambaa. Tundu la sindano kwenye kitambaa hujifunga, kwenye ngozi hubaki milele. Ngozi ile ilikuwa imekatwa pungufu, imetobolewa matundu maelfu, na sasa imechanika. Haikuwa na njia ya kurudi kuwa kiti cha Kabati. Zilibaki siku nne.

Mjomba akakaa kwenye kigoda. "Tumwambie leo?"

"Nipe leo niangalie, Mjomba."

"Uangalie nini tena, mama? Si kimechanika?"

"Niuangalie ukoo."

Akaenda ghalani peke yake. Akaanza mwisho, kwa Kimya, akapanga kurudi nyuma.

Kwenye kiti cha nyuma cha Kimya kulikuwa na mistari kumi na minne. Alikuwa ameiona mara mia, hakuwahi kuihesabu. Akaipapasa: uzi juu ya ngozi, basi. Chini yake hakuna kitu. Ukiikata yote kwa wembe, kiti hakitajua. Akahamia Yai. Yai halikuwa na mistari kabisa, limekaa laini kama shavu. Bwana Harusi lilikuwa nayo, lakini haikushonwa, iligongwa kwa chuma cha moto, alama tu. Kwenye Sanduku kidole chake kilikutana na kitu. Kila mstari ulikuwa na kijikunjo cha ngozi ndani yake, chembamba kama ukucha. Akavuta pumzi. Kwenye Papa kijikunjo kile kikawa kipana kama kidole.

Sasa alikuwa anatembea polepole, kama mtu aliyeingia kwenye nyumba akasikia anaitwa kutoka chumba cha ndani.

Kwenye Kabati kiti cha mbele kilikuwa bado cha asili. Akapiga magoti sakafuni, akaibonyeza springi kwa viganja viwili, kwa uzito wake wote. Kiti kikashuka. Na kilivyoshuka, mikunjo ikafunguka yote kwa pamoja, kama sketi ya shule msichana anapokaa. Akainua mikono. Kiti kikapanda, mikunjo ikajifunga. Akabonyeza tena. Ikafunguka. Akaachia. Ikajifunga.

Kiti kilikuwa kinapumua.

Hii mistari aliyoichukulia kuwa pambo, ilikuwa na kazi! Ndani ya Kabati hamna sponji. Mna springi ndefu na nywele za mkia wa farasi zilizosokotwa, na springi hushuka kiganja kizima mtu akikaa, basi ngozi lazima iwe na mahali pa kutoa nyongeza. Nyongeza ile ilifichwa ndani ya mikunjo. Halafu likaja gari la pili, springi zikafupishwa, mkunjo ukapungua. La tatu ukapungua zaidi. Ikaja sponji, mkunjo ukakosa kazi, ukabaki alama ya moto, ukapotea. Kisha kwenye la sita mtu fulani, mbali huko, akaukumbuka uso wa nyanya wa ukoo, yaani Kabati, bila kujua ulikuwa na kazi gani, akauchora kwa uzi. Na yeye Sindano akauchukua uso wa mjukuu, akamvika nyanya. Ndiyo maana nyanya alipasuka.

Alirudi kibandani karibu anakimbia. Akalishusha gamba la zamani toka kwenye msumari, akalilaza mezani kifudifudi, akaufumua mkunjo wa kwanza kwa ncha ya wembe.

"Mjomba," akaita. "Mjomba, njoo."

Nje, ngozi ile ilikuwa ya kahawia iliyokauka, imepasuka. Ndani ya mkunjo ilikuwa nyekundu. Sio nyekundu ya ile mpya, hapana. Hii ilikuwa nyekundu nzito, laini, isiyowahi kuonja jua, imekaa gizani toka siku iliyokunjwa. Upana wake vidole vinne. Na sehemu ya nje, ile iliyokufa, upana wake ni vidole vinne.

Mjomba aliinama mpaka pua ikagusa. Macho yake yalikuwa bado mazima. "Hebu subiri," akanong'ona. "Hivi ni vitu gani?"

Kwenye kingo za ule wekundu kulikuwa na matundu. Mstari mzima wa matundu ya sindano, madogo, sawasawa, yamelala kidogo kushoto kama yametobolewa na mtu wa mkono wa kushoto. Na hayakuwa na uzi. Hayakuwahi kuwa na uzi. Hata alama ya uzi haikuwepo.

Sindano akafumua mkunjo wa pili. Matundu. Wa tatu. Matundu. Kumi na minne yote.

"Ni kama kola ya shati," akasema. "Kola ikilika upande huu, si unaigeuza? Huyu mtu alijua ngozi ya nje itakufa. Akaacha nyingine ndani. Akatoboa kabisa, ili atakayekuja asihangaike."

"Atakayekuja nani?"

Sindano alipitisha kidole juu ya matundu. Mtu yule alishakufa zamani, hakuna anayejua alikuwa mwanamume au mwanamke, alikula nini siku ile, alimwacha nani nyumbani. Lakini alikaa mezani akamtobolea kazi mtu asiyemjua, mtu ambaye mama yake hata hajazaliwa.

Siku tatu zilizobaki hakugusa cherehani. Alizipaka mafuta sehemu zilizokauka, akazibandika kitambaa chepesi cha pamba kwa nyuma zisivunjike, akazikunja ndani. Wekundu akautoa nje. Uzi wa nta akaupitisha kwa mkono kwenye matundu yale yale, moja moja. Mara nyingine kidole chake kilijikuta kimeinama kushoto chenyewe. Bonge alikuja kuchungulia mlangoni mara nne, na mara zote nne aliondoka kwa kunyata, jambo ambalo kwa mwili wake halikuwa dogo.

Jumamosi Daktari alifika mapema, kabla ya wageni wake. Sindano alimpokea mlangoni mwa ghala na kitu cha kwanza alichomwonyesha ni ngozi iliyochanika.

"Shikamoo, Daktari. Hii ndiyo ngozi uliyotuletea. Nimeiharibu mimi, sio Mjomba. Niliikaza."

Uso wa Daktari ukabadilika. "Umeiharibu? Miezi minne nimeisubiri! Sasa wageni wangu watakaa juu ya nini, juu ya maneno?"

"Watakaa juu ya hiki."

Akamfungulia mlango wa nyuma wa Kabati.

Daktari alichukua miwani, akaivaa, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Akaingiza kichwa. Akauliza ngozi ile imetoka wapi, na Sindano akamweleza, toka Kimya mpaka Kabati, gari moja baada ya jingine. Alieleza kwa vidole zaidi kuliko kwa mdomo. Alipofika kwenye matundu yasiyo na uzi, Daktari alimshika mkono kumnyamazisha. Akatafuta mshono kwa ncha ya kidole, akaufuata kutoka juu hadi chini, akiwa amefumba macho.

"Mimi nakusanya hizi gari miaka ishirini," akasema mwishowe. "Nazijua kwa mwendo, kwa injini, kwa nani alinunua lini. Hili sikulijua."

Akaingia, akakaa. Springi zikashuka bila kuguna. Wekundu ukafunguka chini yake, mistari yote kumi na minne.

Mjomba alikuwa amesimama nyuma yao, amejishika mikono isitetemeke.

"Fundi," Daktari akaita toka ndani ya gari.

Mjomba akapiga hatua mbele.

"Sio wewe, mzee mwenzangu. Wewe kaote jua." Akamgeukia Sindano. "Hii ngozi uliyochana, fundi. Vipande vyake vinatosha viti vya mbele vya Papa, vilivyoanza kupasuka?"

Sindano alilifikiria swali lile kama lilivyostahili kufikiriwa. Mkunjo wa Papa ni kidole kimoja. Matundu yakiangukia ndani, hayataonekana.

"Vinatosha," akasema. "Lakini lazima kwanza nifumue kiti kimoja nione aliyekishona alikuwa nani."

Daktari akacheka mpaka miwani ikamwanguka, akamwambia Bonge, aliyekuwa anachungulia mlangoni, apande mbele awashe. Kabati likakohoa, likakubali, likatoka polepole kwenda juani. Sindano akatembea ubavuni mwake, ameinama dirishani, hamwoni dereva wala abiria. Kila tairi lilipoingia shimoni, mikunjo ilifunguka. Kila lilipotoka, ilijifunga.