Viti Viwili vya Ziada

Ndugu wanne wanaoishi mji mmoja ni wagumu kukutana kuliko ndugu waliotawanyika mabara manne. Wa mabara manne hupanga likizo, wakakata tiketi, wakaonana. Wa mji mmoja huambiana "tupo, tutaonana tu," halafu wanaonana misibani, wamejifuta machozi, wanalaumiana kwa nini hawaonani.

Dada Mkubwa alikuwa ameichoka "tutaonana tu." Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hospitali kubwa: mashine sita, wanawake ishirini na tatu, na ratiba ya zamu aliyoichora kwa rula na kuibandika ukutani kwa mkono wake. Mtu anayeweza kuwapanga wanawake ishirini na tatu wasitoane macho kwa ajili ya Jumapili, atashindwaje kuwaketisha wadogo zake watatu kwenye meza moja, Jumamosi moja?

Lakini mwaka jana alishindwa. Ukumbi ulishakodiwa, kaukumbi kadogo tu juu ya duka la magodoro. Ijumaa, siku moja kabla, Mwalimu, anayemfuata yeye kuzaliwa, akapiga simu kwamba amepangiwa kusimamia mitihani. Msusi, wa tatu, kusikia hivyo akasema afadhali, maana naye kapata bibi harusi wa kusuka. Wakaahirisha. Nani asiyejua kuahirisha kwa ndugu? Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka.

Mwaka huu alianza mapema. Aliwapigia simu mmoja mmoja, sauti ile ile ya kazini.

"Tarehe kumi na nne," alimwambia Msusi. "Na usiniletee habari za bibi harusi."

"Dada, mimi nipo. Muulize Mwalimu wako."

"Nimeshamuuliza. Yupo."

"Na Sawa Tu?"

"Huyo ana neno gani?"

Wakacheka wote wawili. Kitindamimba wao alikuwa fundi wa lifti, na jina la Sawa Tu alilipata angali mdogo. Akigawiwa shingo ya kuku, sawa tu. Akirithishwa suruali ya Mwalimu yenye viraka viwili nyuma, sawa tu. Nyumba nzima ilimpenda kwa hilo, kama watu wanavyoupenda mlango usiopiga kelele, na mlango usiopiga kelele hakuna anayekumbuka kuutia mafuta.

Jumatatu, baada ya kazi, Dada Mkubwa alipanda ngazi za duka la magodoro kwenda kukodi ukumbi. Meneja wa ukumbi, mama mwenye miwani ya kuning'iniza kwa kamba, alifungua daftari, akamtazama, akalifunga tena.

"Nyinyi si ndio wale wa mwaka jana? Watu kumi na mmoja?"

"Ndio sisi. Tuliahirisha. Nilikupigia mwenyewe Jumamosi asubuhi."

"Ulinipigia, na mimi nikawaambia vijana wangu wasipange meza. Lakini yule ndugu yenu alikuja."

"Ndugu yetu yupi?"

"Mrefu hivi, mpole, amevaa shati la mikono mirefu limepigwa pasi hadi kola inang'aa. Nikamwambia nimeambiwa hamji. Akasema hapana, dada yangu angeniambia. Akaniomba nipange meza, tena niongeze viti viwili. Alikuwa na wageni, binti mmoja na baba yake. Akawaketisha pale dirishani." Meneja alivua miwani. "Mama, walikaa saa tatu nzima. Kila mlango ukilia, anasimama, anafunga kifungo cha shati. Mwisho yule mzee akamshika bega, akamwambia, 'Labda siku nyingine, mwanangu.' Wakaondoka. Yeye akabaki kunisaidia kukunja vitambaa vya meza."

Dada Mkubwa aliomba kiti. Kilipoletwa hakukikalia, akakishika tu mgongo.

Alikumbuka kila kitu, na angelipa chochote asikumbuke. Sawa Tu hakuwa kwenye kundi lao la simu, kwa kuwa simu yake ilikuwa ya tochi, na Ijumaa ile Msusi alipouliza nani atamwambia, yeye ndiye aliyejibu: "Huyo niachieni mimi." Saa hiyo hiyo mashine namba nne ikapasuka mpira, maji yakajaa hadi kwenye korido, na mashuka ya wodi tatu yakalala sakafuni. Jumamosi alikumbuka kumpigia meneja. Mdogo wake hakumkumbuka. Mchana ule ule mdogo wake ndiye aliyempigia, mara mbili, simu ya Dada ikiwa kabatini kazini. Jumatatu ndipo alipompigia na kumuuliza kulikoni, naye akajibu, "Haikuwa kitu, Dada. Sawa tu." Akamwamini! Hata hakuuliza mara ya pili.

Binti na baba yake. Alikuwa anawaletea wifi, kimya kimya kama kawaida yake, na ukoo mzima ukamwaibisha mbele ya mzee wa watu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo ulikuwepo mwaka mzima, na wao hawakuwa na masikio.

Kesho yake aliomba ruhusa, jambo ambalo hajalifanya tangu alipojifungua, akaenda kumtafuta mdogo wake kazini. Alimkuta kwenye jengo la ofisi, milango ya lifti imefunguliwa, kizuizi cha njano mbele yake. Sawa Tu alikuwa amesimama ndani ya shimo la lifti, kichwa chake usawa wa sakafu, mikono imejaa grisi.

"Dada? Kuna msiba?"

Swali hilo lilimchoma kuliko maneno yote ya meneja. Aliketi pale pale kwenye marumaru, na sketi yake ya kazini, watu wa ofisi wakipita na mafaili yao wanamshangaa.

"Hakuna msiba. Nimetoka kule ukumbini. Nimeambiwa."

Sawa Tu alifuta spana kwa kitambaa, pole pole, upande huu na upande huu.

"Mambo ya zamani hayo, Dada."

"Mimi ndiye niliyetakiwa kukuambia. Nikasahau. Sina kisingizio. Mashine iliharibika, lakini si mashine iliyosahau, ni mimi. Nisamehe, mdogo wangu."

"Nilishasamehe. Sawa tu."

"Usiniambie sawa tu!" Sauti yake iligonga kuta za ukumbi wa chini, mlinzi akageuka. Akaishusha. "Tunakutana tarehe kumi na nne. Siku hiyo ikikubana, sema unayoitaka wewe. Na yule binti..."

Simu ya tochi ililia mfukoni mwa Sawa Tu. Watu wamekwama kwenye lifti ya jengo jingine. Alipanda juu kwa ngazi ya chuma, akabeba mkoba wake wa vifaa.

"Tarehe kumi na nne ni zamu yangu ya dharura," alisema. "Nitajaribu." Akaondoka bila kusema lolote kuhusu binti.

Jioni ile Dada Mkubwa aliwaeleza wenzake. Hakujipunguzia hata neno. Msusi alilia simuni, na Mwalimu, ambaye kwa kawaida hukosi kusikia la kwake, aliuliza tu saa ya kufika.

Tarehe kumi na nne, saa nane kamili, walikuwa wamefika wote: Dada Mkubwa na mumewe na watoto wao wawili, Mwalimu na mkewe na wao wawili, Msusi na mwanawe. Meza ilikuwa ile ya dirishani. Viti kumi na vitatu. Masufuria ya wali na kuku yalikuwa yanatoa mvuke.

Saa nane na robo simu ililia. "Dada, kuna watu wamekwama ghorofa ya tisa. Kuleni tu, msinisubiri. Sawa tu."

"Tunakusubiri," alisema Dada Mkubwa, akakata.

Wakasubiri. Saa tisa mvuke ukaisha. Saa kumi mafuta ya kuku yakaanza kuganda. Mwana wa Msusi akalia njaa, akapewa ndizi. Mke wa Mwalimu alinong'ona, "Wifi, si tuwape watoto kidogo tu?" na Mwalimu ndiye aliyemjibu, taratibu, "Alikaa saa tatu, mke wangu. Tena na mkwe." Hakuna aliyerudia tena. Kila mlango ulipolia walisimama, wakamkuta kijana wa magodoro, wakakaa. Dada Mkubwa alikuwa anajua sasa jinsi mlango unavyoweza kumtukana mtu.

Saa kumi na moja na nusu aliingia, na nguo za kazi, grisi hadi kwenye kiwiko, mkoba begani. Alisimama mlangoni. Akaiona meza, sahani safi, masufuria yaliyofunikwa.

"Hamjala?"

"Tutakulaje?" alisema Msusi.

Akakaribia. Macho yake yalipita kwenye viti, yakafika vitatu vya mwisho, yakatulia.

"Vya nani hivi viwili?"

"Vya wageni wako," alisema Dada Mkubwa.

Sawa Tu alivitazama kitambo.

"Ameshaolewa, Dada. Mwezi wa tatu." Aliweka mkoba wa vifaa juu ya kiti kimoja, akavua koti la kazi akaliweka juu ya kile kingine, akaketi katikati.

Dada Mkubwa alichukua sahani, akafunua sufuria, akampakulia yeye wa kwanza, paja zima. Wali ulidondoka kama bonge.

"Umepoa, mdogo wangu. Utakula hivyo hivyo?"

Fundi wa lifti aliitazama sahani, kisha akamtazama dada yake usoni.

"Hapana," alisema. "Nataka cha moto."

Dada Mkubwa alinyakua sufuria la wali kwa mkono mmoja na la kuku kwa mwingine, akakimbilia jikoni karibu aanguke, akimwita meneja kwa sauti ya msimamizi wa zamu amwashie jiko, machozi yakimtiririka.