Ushauri wa Corliss Kuhusu Joka la Chuma

Corliss Tuttle alijua kila kitu kuhusu Bonde la Ngurumo, bustani ya michezo ya Florida, isipokuwa Bonde la Ngurumo lenyewe. Miezi yote tangu aajiriwe alikuwa akiketi chumbani kwake Ocala, visikizi masikioni na soksi miguuni, akiwaelekeza kwa simu watu wa Marekani nzima waingilie mlango upi, wapande nini kwanza na nafasi waziweke vipi, na hakuwahi kukanyaga huko hata kwa bahati mbaya. Kampuni haikuona haja. Ilimpa kompyuta yenye kurasa za majibu, ikamwambia asome kilichoandikwa kwa sauti ya asali, basi. Naye alisoma. Mtu akishukuru, anamwambia karibu tena. Mtu akitukana, anamwambia ninauelewa uchungu wako.

Sasa leo, Jumamosi ya jua la kupasua kichwa, alikuwa amesimama katikati ya Bonde hilo na mama mkwe mtarajiwa, na programu ya simu ilikuwa imewafutia nafasi yao ya kupanda Joka la Chuma, kigari cha relini kinachopaa juu na kuporomoka.

“Soma tena,” alisema Bi Odessa Birdsong.

“Inasema nafasi yetu imebatilishwa.”

“Nimesikia. Nilidhani ikisomwa mara ya pili itaona haya.”

Bi Odessa, mama yake Raynard mchumba wa Corliss, alikuwa dereva mstaafu wa basi la shule, na tangu usichana wake alipenda vyombo vya kurushwa juu na kudondoshwa chini. Marehemu mumewe alikuwa akibaki chini na mikoba, akiomba Mungu. Jumatatu Bi Odessa alikuwa anaingia hospitali kuwekewa nyonga ya bandia, na daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba baada ya hapo mambo hayo mwisho. Kwa hiyo Joka la Chuma lilikuwa leo au basi tena. Nyonga ile mbovu haikumruhusu kusimama foleni ya saa mbili, na kiti cha magurudumu alikwisha kukikataa kwa maneno ambayo hayaandikiki. Ilibaki njia moja tu: kuweka nafasi mapema, kufika kwa saa yake na kupita mlango wa pembeni.

Na nafasi waliiweka. Alfajiri Corliss aliipata ya alasiri, akashangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha, ili wasikae bure wakisubiri, akaweka na ya Vikombe vya Chai, vile vinavyozunguka polepole na watoto wa kunyonya. Kanuni alikuwa nayo kichwani: mgeni anaruhusiwa kushika nafasi mbili kwa pamoja, mradi moja iwe ya mchezo wa taratibu. Watu wangapi alikuwa amewaambia hivyo! Hakujua kwamba kanuni hiyo ilikufa mwaka jana, na kwamba hakuna aliyekumbuka kuifuta kwenye ukurasa wake. Vikombe vilipoingia, Joka likatoka. Hawakugundua mpaka walipokwisha kuzungushwa.

Si kwamba Bi Odessa alimwamini kijinga. Wiki iliyopita alisema hataki maneno ya jikoni, anataka jibu la ofisini. Akapiga namba ya huduma kwa wateja, na kila aliposikia sauti ngeni akakata akapiga tena, kama wafanyavyo wazoefu wote wa Florida: jibu usilolipenda unalikata, unapiga upya mpaka umpate mwenye jibu zuri. Alipompata Corliss mwenyewe, Corliss akamjibu kama mteja yeyote: “Ndiyo, bibi, mbili kwa pamoja zinaruhusiwa kabisa.” Bi Odessa akaridhika. Mganga hajigangi, na hapa mganga alikuwa amemtibu mama mkwe.

Walijikokota hadi mlango wa pembeni. Hapo alikaa Mzee Verlon, mstaafu mwenye shati la maua na kifaa cha kukagulia simu.

“Nani aliwaambia mbili zinaruhusiwa?” aliuliza alipokwisha kuikagua simu yao.

“Huduma kwa wateja,” alisema Bi Odessa.

Mzee Verlon alicheka mpaka kofia ikateleza. “Wale? Bibi, wale hawajui hata Joka lina rangi gani! Juzi wameniletea mtu hapa na mbwa wake, eti mbwa naye ana nafasi.”

“Lina rangi ya fedha,” alisema Corliss kwa uchungu.

Bi Odessa aliinua macho, akalitazama Joka lililokuwa likinguruma juu ya vichwa vyao. “Mwanamke, lile ni la kijani.”

Corliss alitamani ardhi immeze. Alimkalisha mama mkwe kwenye benchi, akaenda hatua chache pembeni, akapiga simu. Upande wa magharibi mawingu meusi yalikuwa yameanza kujikusanya, na kila mtu anajua mawingu ya alasiri yana kazi gani huku: radi ya kwanza ikipiga, vyombo vyote vya juu vinafungwa.

Mhudumu wa kwanza alimshauri azime simu, ahesabu mpaka mia, aiwashe. Nafasi itarudi yenyewe. Haikurudi. Wa pili alisema wazee hawahitaji nafasi kabisa, wamwambie tu mlinzi wa mlango neno “busara”. Mzee Verlon aliposikia neno hilo ilibidi ashike nguzo. Wa tatu alikuwa mwanamke mwenye sauti ya asali tupu.

“Ninauelewa uchungu wako. Naomba dakika mbili nimuulize msimamizi wangu.”

“Dada,” alisema Corliss, “msimamizi hayupo. Unakwenda jikoni kwako kugeuza kuku.”

“Ni viazi,” ilisema sauti, sasa bila asali. “Wewe ni wa kwetu?”

“Wa kwenu. Nipo na mama mkwe, Jumatatu anapasuliwa nyonga.”

“Maskini wee. Basi unajua mwenyewe. Kuna pasi ya kuomba radhi, mtu anapita nayo bila nafasi. Lakini siwezi kuitoa mpaka niandike jina la aliyewapotosha, niisikilize simu yake iliyorekodiwa, na yeye apate onyo.”

Corliss alijua. Alijua tangu pale kwenye Vikombe, na ndiyo maana alikuwa amezunguka njia nyingine zote kwanza. Alikuwa na maonyo mawili tayari: moja kwa kupiga chafya mteja akizungumza, la pili kwa kumwambia mteja kwamba hata yeye haoni mantiki. Onyo la tatu ni mlango. Kazi yenyewe alikuwa haipendi sana, lakini ndiyo iliyomlipia chumba, na aliogopa kuingia kwenye ndoa mikono mitupu, mbele ya mwanamke aliyekuwa akimpima tangu siku ya kwanza.

Aligeuka. Bi Odessa alikuwa akijikanda nyonga na kulitazama Joka.

“Basi, turudi,” alisema. “Nimeliona. Inatosha.”

Hakusema kwa hasira. Angetukana, Corliss angevumilia. Ule upole ndio uliomshinda.

“Andika,” alisema kwenye simu. “Corliss Tuttle. Tuttle, t mbili katikati.”

“Haya. Na jina lako wewe mlalamikaji?”

“Ndilo hilo hilo.”

“Dada,” ilisema sauti, “viazi vyangu vinaungua na mimi nimekaa hapa nalia.” Na pasi ikaingia.

Mzee Verlon aliikagua mara tatu, maana hakuwahi kuona jambo jema likitoka kwa watu wale. Ikawaka kijani. Wakapita.

Kwa miezi minane Corliss aliwahakikishia wateja kwamba Joka la Chuma ni kama kubembea kwenye machela. Njia ya mwongo ni fupi; yake iliishia kileleni. Lilipoporomoka, aliita majina ya ndugu zake wote, walio hai na waliozikwa. Kando yake Bi Odessa alikuwa ameinua mikono yote miwili, mdomo wazi, meno ya bandia yakimeta, akicheka kicheko cha msichana, na Corliss alimwona katikati ya kupiga kwake mayowe, akafurahi kweli.

Waliposhuka, radi ilipiga na Joka likafungwa. Corliss alikumbatia pipa la taka. Simu yake ikalia, na Bi Odessa akaichukua mkononi mwake, akasoma.

“Wamekufukuza,” alisema. “Wanakushukuru kwa mchango wako.”

“Najua.”

“Si ungetaja jina jingine?”

“Wanasikiliza simu.”

“Sikuulizi wao. Mimi ningejuaje umemtaja nani?” Hakungoja jibu. Alimpangusa mdomo kwa kitambaa chake mwenyewe, kwa nguvu, kama anavyopanguswa mtoto. “Kuna chumba cha zamani cha Raynard. Nikitoka hospitali nitahitaji mtu wa kunishika mkono mpaka chooni. Mshahara hakuna. Matusi yapo.”

Corliss alianza kulia. “Nitakuja, Mama. Nimesikia nyonga ikikandwa kwa barafu mapema…”

“Mwanangu,” alisema Bi Odessa, akimwegemea kwa uzito wake wote, “njoo na nguo zako, njoo na vyombo vyako. Ushauri uache huko huko.”