Ubao wa Kisima cha Bi Mwanamize

"Inatangazwa kwa umma wote kwamba Kisima cha Bi Mwanamize, ambacho hadi jana kilikuwa katika daraja la maji ya kufulia, kimepandishwa kuanzia leo hadi daraja la Chanzo cha Maji ya Kunywa Kinacholindwa. Ni marufuku kuchimba, kubomoa au kukojoa karibu nacho. Kwa amri."

Amri ya nani, ubao haukusema. Ulikuwa umeandikwa kwa rangi ya samawati iliyobaki baada ya kupakwa mlango wa choo, na mwandishi wake, Khubaib, kijana wa kidato cha tatu aliyerudi Mji wa Kale kwa likizo, hakuwa na cheo chochote duniani. Alitaka kuongeza "au kufikiria kukojoa", lakini nafasi ilimwishia. Pengine ndiyo maana watu waliamini.

Kisima chenyewe kilikuwa kichochoroni, ubavuni mwa nyumba ya bibi yake, Bi Swabaha. Babake Bi Swabaha alikichimba mkewe alipofariki, akakiacha wakfu kwa jina lake, ili kila anayekunywa, thawabu zimfikie Bi Mwanamize kaburini. Lakini vyoo vya mtaa vilizidi kukisogelea, na kwa miaka mingi hakuna aliyeyanywa maji yale. Watu walifulia, wakaoshea miguu, ya kunywa wakanunua kwa watu wa mikokoteni. Kufulia nako kuna thawabu, ila Bi Swabaha aliziona ni thawabu za rejareja. Alikuwa akisema mamake amekaa kiu tangu yeye bado msichana.

Kisha mwenye kiwanja cha pili akavunja nyumba kuukuu ili ajenge ghorofa, na mafundi wake wakapima shimo la maji machafu hatua chache tu kutoka kisimani. Bi Swabaha alikuwa amesikia redioni kwamba kipande cha mto mmoja huko bara kimepandishwa daraja kikawa chanzo cha maji ya kunywa, na sasa hakuna anayethubutu kukigusa. Akavaa buibui lake zuri, akaenda ofisi ya maji kukiombea kisima nacho. Kijana aliyemkuta mezani alimsikiliza vizuri, kisha akamwambia, "Mto ni mto, mama. Hicho ni kisima cha chumvi tu."

Alirudi akaketi barazani na buibui lake mwilini mpaka magharibi. Khubaib alishawahi kumwona bibi yake akikasirika, maana mara nyingi sababu ilikuwa yeye. Hakuwahi kumwona amekwisha namna ile.

Shuleni alikuwa ametangaza ubaoni kwamba maharagwe ya Jumamosi yamepandishwa cheo kuwa nyama, akafyekeshwa nyasi. Akaona, kama maharagwe yaliweza, kisima kinashindwaje?

Asubuhi yake, Musyoka, nyapara wa mafundi, alisimama mbele ya ubao akausoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Hii imewekwa lini?"

"Wamekuja na gari," alisema Khubaib kwa uso wa msiba. "Wana haraka sana hawa."

"Serikali na haraka?" Musyoka alimtazama. Kisha akakunja utepe wake wa kupimia. "Basi wacha tajiri aulize huko juu. Mimi sichimbi nikafungwa."

Hapo ndipo mzaha ulipopaswa kuishia. Kuchimba kumesimama, hongera kwa mhusika. Lakini Bi Swabaha alitoka ndani amebeba jagi la shaba lililokuwa halijashuka kabatini tangu arusi ya mamake Khubaib, akateka maji, akaketi barazani na kuita kila apitaye.

"Bibi, tuyachemshe kwanza," alisema Khubaib.

"Yamelindwa, wayachemsha nini? Nipe gilasi hiyo." Alikunywa kwa bismillahi, akafumba macho. "Mama, na hii ni yako."

Musyoka alikataa kwa adabu. "Mimi nimezoea maji ya mtoni kwetu, mama. Haya chumvi yake itanirudisha Machakos kwa miguu."

Lakini Fadhiya, jirani wa mlango wa pili, alikunywa, akamnywesha na Sheikhan, mwanawe aliyekuwa ndio kwanza ajua kukimbia. Tangu siku hiyo hakununua tena maji ya mkokoteni. Khubaib naye alikunywa, hadharani, kwa heshima zote za mwenye tangazo, na baadaye akapata nafasi ndefu ya kuikagua ile rangi ya samawati kwa upande wa ndani wa mlango. Alipotoka alikuta bibi yake anacheka na wanawake barazani. Alikuwa amejipaka hina. Maneno yote aliyoyapanga chooni yakabaki huko huko.

Wiki haikwisha. Sheikhan alianza kuharisha asubuhi, adhuhuri macho yamezama, alasiri amelazwa hospitali na mpira wa maji mkononi. Fadhiya alipiga simu akilia kwamba mtoto hata kulia hawezi.

Hakuna aliyekilaumu kisima. Hilo ndilo lililomkaba Khubaib. Bi Swabaha alijaza maji ya kisimani katika chupa ya chai, akayasomea dua, akaifunga kwa kitambaa.

"Mpelekee Fadhiya. Amnyweshe mtoto kidogo kidogo. Maji ya sadaka haya, In shaa Allah yatamwinua."

Khubaib aliichukua. Alikwenda mpaka pembe ya kichochoro, akaangalia nyuma, akachuchumaa, akayamwaga mtaroni yote. Alikuwa anaikung'uta chupa aliposikia makubazi yakiburura nyuma yake.

"Umesahau kikombe," alisema Bi Swabaha.

Alikuwa amekishika. Maji yalikuwa bado yanatambaa baina yao. Musyoka, aliyekuwa ameketi juu ya matofali yake akingoja jibu la tajiri, aliacha kutafuna.

"Maji ya mamangu wayamwaga mtaroni?"

"Yalikuwa na mdudu, Bibi."

"Mdudu." Hakupandisha sauti. "Leo nimekubadilishia shuka. Mkono ukazama katikati ya kitanda. Nikasema, huyu mtoto amelala vipi siku zote hizi?" Akageuza uso taratibu kuelekea kisimani, akautazama ubao, urefu wake, upana wake. "Ubao ule ni wa nani?"

Khubaib alikuwa na uongo wa kila aina, wa mabwenini na wa mbele ya mwalimu mkuu, na wakati wote huwa unajipanga wenyewe. Safari hii haukuja hata mmoja. Alijua pia nani mwingine anasikiliza.

"Ni wa kitandani kwangu. Hakuna gari lililokuja. Hakuna ofisi, Bibi, hakuna amri. Nimeandika mimi."

Musyoka aliinuka, akajipangusa vumbi. "Niwie radhi, mama," alisema. "Mimi ni mtu wa kazi." Akatoa simu akaondoka kuelekea kiwanjani, na wakamsikia anawaita vijana waje na masururu.

Bi Swabaha hakumtazama. Alikigeuza kikombe juu chini, hina bado haijafifia kwenye kucha.

"Na Sheikhan?" aliuliza.

"Na Sheikhan pia, Bibi. Ni mimi."