Vidonge vya Kaka Yangu

Mimi na kaka yangu tumezaliwa na ugonjwa wa selimundu. Yeye ni fundi cherehani, mimi mwalimu wa hesabu, na tangu utotoni tumelazwa mara nyingi mpaka wauguzi wametuzoea kama majirani. Daktari alipotuita kwenye majaribio ya dawa mpya, hatukujivuta. Chupa zilikuwa na namba tu. Nyingine zilikuwa na dawa, nyingine vidonge bandia, na hata daktari mwenyewe hakujua nani kapewa nini. Matibabu yetu ya kawaida tuliendelea nayo.

Miezi mitatu haikuisha, nikaanza kupanda ngazi za shule bila kushika ukuta. Kaka akalazwa mara mbili. Hesabu hiyo haikuhitaji mwalimu, nami subira sina. Nikamfuata dukani kwake. Alikuwa anashona mfuko wa suruali, mguu mmoja kwenye cherehani, mwingine ameunyoosha juu ya stuli kwa maumivu. Nikaiweka chupa yangu mezani.

"Kaka, tubadilishane. Mwezi mmoja tu."

"Irudishe mkobani."

"Zako ni bandia, na unajua!"

"Ninachojua, mwenye suruali hii anakuja saa tisa. Tukichanganya vidonge, daktari atajuaje kama dawa inafanya kazi? Nenda kafundishe watoto wa watu."

Nikamwita mkaidi, nikatoka nalia barabarani bila haya. Miezi tisa iliyofuata nilimeza vidonge vyangu kama mwizi. Kaka akalazwa mara tatu zaidi.

Leo asubuhi daktari katuita. Dawa imefaulu, akasema, na siri ya namba imefunguliwa. Vidonge vya kaka vilikuwa bandia kweli. Daktari akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Bila ninyi mliomeza vidonge vitupu mpaka mwisho, tusingekuwa na cha kulinganisha. Asante sana, Fundi."

Kisha akampa chupa ya dawa halisi. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru daktari, nikawashukuru na watafiti nisiowajua hata sura, kwa sauti iliyowafanya watu wa ukumbini wageuke. Kaka akanivuta nje kwa aibu, tukakaa kwenye benchi.

"Nisamehe, kaka," nikasema. "Mwaka mzima nimekula haki yako."

"Haki gani? Nilijua tangu nilipolazwa mara ya pili."

"Sasa mbona hukujitoa?"

Akawa anahangaika na kifuniko cha chupa, hanitazami.

"Zamani tulikuwa tunalazwa pamoja, nikikusikia unalia kitanda cha pili. Safari hii kila nilipolazwa, ulikuja kuniona kwa miguu yako mwenyewe. Nilikuwa nimemwomba Mungu, kama ni mmoja tu wa kupata, awe wewe. Halafu unaniletea chupa yako uje uivuruge dua yangu!"

Nilimshikia chupa ya maji, naye akameza kidonge chake cha kwanza.