Makurutu Sita na Chura Mmoja

Siku ya pili ya mwaka mpya theluji ilifika madirishani huko Nagaoka, na Noboru akapanda paani na koleo kuipunguza kabla nyumba ya mama yake haijaelemewa. Alimwachia kaka yake, Tetsuji, rimoti ya mchezo wake wa vita wa kwenye skrini na sharti moja: asiwaguse makurutu. Heri angemkabidhi fisi bucha.

Makurutu walikuwa sita. Noboru aliwaandikisha wakiwa daraja la kwanza, hata kushika upinde hawajui, na kwa wiki tatu aliwakuza kwa njia ndefu. Askari wazoefu wanampiga adui mpaka abakize pumzi moja, kisha wanasogea kando na kumpisha kurutu atoe pigo la mwisho, maana katika mchezo ule anayemaliza ndiye anayepanda zaidi. Njia hiyo inachosha. Ili kurutu mmoja apate zamu moja ya maana, unasubiri zamu kumi za wengine. Noboru aliipenda hivyo hivyo, na aliyempenda kuliko wote ni binti mpiga mishale aliyempa jina la Suzu, ambaye alikosa shabaha mara nyingi mpaka ikawa kichekesho.

Mezani, kando ya machungwa, ililala karatasi iliyomleta Tetsuji kutoka mjini. Shule yao ya zamani ilimtaka awe kocha wa besiboli kuanzia Aprili, mradi apate barua ya mchezaji aliyekuwa chini yake enzi za unahodha. Noboru alicheza chini yake mwaka mzima. Yalibaki maneno machache na muhuri wake wa jina, ulio badala ya sahihi, na alikuwa ameahidi kuugonga baada ya chakula. Mama alikwisha kumwomba mara mbili, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi.

Ahadi hiyo ilimkaa Noboru kama mwiba wa samaki. Sikio lake la kushoto halikusikia kitu tangu alipokuwa na miaka kumi na sita, na nyumbani ilisemwa kwamba aliteleza bafuni. Hakuna aliyeteleza. Siku moja ya mvua, baada ya timu kufungwa, nahodha aliwapanga wachezaji wapya mistari miwili, uso kwa uso, akawaamuru wazabane vibao mpaka atakaposema basi. Alichelewa kusema. Nahodha huyo alikuwa Tetsuji.

Noboru aliposhuka paani, vidole vimekufa ganzi, alimkuta kaka yake amejikunja chini ya blanketi la meza yenye jiko la kupasha miguu, anamenya chungwa, uso umechangamka.

"Njoo uone, mdogo wangu. Wiki zako tatu nimezimaliza kwa saa moja."

Kwenye skrini adui aliyebaki alikuwa chura mmoja tu, amezingirwa na askari wanne shimoni asipate pa kurukia. Chura akiwa hai, vita haviishi. Na kwa kuwa vita havikuisha, Tetsuji aliwasimamisha makurutu mistari miwili, uso kwa uso, wanatupiana mawe. Kila jiwe linaongeza uzoefu, hata likimpata mwenzako. Mganga anapita nyuma yao akiwaponya, halafu wanaanza upya.

Noboru aliwahesabu. Walikuwa watano.

"Suzu yuko wapi?"

"Nani?"

"Mpiga mishale."

Tetsuji akasema huyo alianguka, na mganga alikuwa mbali. Katika mchezo ule askari aliyeanguka hungojewa zamu tatu. Asipoinuliwa, ndiyo kwaheri, harudi tena. Noboru akamuuliza kama alimwona alivyoanguka. Alimwona. Ila kuna kurutu alibakiza mawe mawili tu afike daraja la thelathini, Tetsuji akaona amalize huyo kwanza. Kisha akauhifadhi mchezo juu ya ule wa Noboru, na nakala nyingine ya kurudia haikuwapo.

"Ni mmoja tu," Tetsuji alisema. "Tazama waliobaki walivyokomaa."

Maneno hayo Noboru alikwisha kuyasikia, kwa sikio la kulia, siku ile ile ya mvua, akiwa amechuchumaa pembeni ya uwanja na kichwa mikononi. Hasira ikampanda hadi meno yakamuuma. Alimkasirikia kaka yake, akamkasirikia mama na bafu lake, na zaidi ya wote akajikasirikia mwenyewe, aliyeitikia kwa kichwa miaka minane kila bafu hilo lilipotajwa.

"Nani alimpiga jiwe la mwisho?"

"Nitajuaje? Walikuwa wanarusha wote. Huo ni mchezo, Noboru, hawaumii."

"Na sisi?"

Tetsuji akaacha kumenya. Akasema hayo ni ya zamani, wote walifunzwa hivyo, hata yeye nahodha wake alimzaba na hakufa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Lakini wapo binadamu waliochomwa, wakapona, wakaenda kutafuta mkuki wao.

"Aprili utawapanga mistari?"

"Nitawafunza. Siku hizi wanakuja legelege. Ukiwabembeleza hawakomai."

Noboru akaivuta karatasi. Palikuwa na nafasi iliyouliza mwombaji aliwafunza vipi wachezaji wachanga. Akaandika polepole, vidole bado vizito kwa baridi: *Alitupanga mistari miwili tukazabana vibao. Sikio langu la kushoto halisikii hadi leo. Sikuteleza bafuni.* Akauchovya muhuri kwenye wino mwekundu, akaugonga chini ya maneno yake, ukakaa sawasawa.

Tetsuji alitabasamu alipouona muhuri. Kisha akasoma.

"Hii siwezi kuipeleka."

"Najua. Shule ikifunguliwa nitaipeleka mimi."

Mama akaingia na sinia ya supu ya vitonge vya mchele wa kunata, akauliza mbona wamenuna siku ya heri kama hii. Tetsuji akamsogelea mdogo wake, akaanza kunong'ona upesi upesi, naye alikuwa amekaa kushoto kwa Noboru. Noboru aliiona midomo ikicheza kwenye kioo cha skrini. Hakugeuza kichwa.

"Upande huo sisikii, kaka," alisema, kwa sauti ya kufika jikoni. "Mwambie mama kwa nini."

Mama akabaki amesimama na sinia yake, akimtazama Tetsuji, akingoja.