Siku Ndulu Alipotolewa Kwenye Mwethya

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Jumanne ya mwisho ya Oktoba, majembe saba yalikuwa yamelazwa pembeni mwa shamba la Kathini huko Maungu. Yalitakiwa kuwa manane.

La nane lilikuwa la Ndulu. Mwethya wao ulikuwa na wanawake wanane waliofanyiana kazi za shamba kwa zamu, na tayari ulikuwa umemchimbia Ndulu silanga, bwawa la kuvunia maji ya mvua, kwa siku sita. Sasa ilikuwa zamu ya Kathini kuchimbiwa yake, siku ya tatu, na Ndulu hajaonekana hata mara moja. Hakutuma neno. Koki, mdogo kuliko wote, alikuwa amemwona jana yake mjini Voi akiuza matikiti maji.

"Labda matikiti yalitoroka, akayafuata," alisema Koki. Wenzake wakacheka.

"Atapika," alisema Mumbe, mwenyekiti. "Sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharage, tena iwe na nyama. Tutakula tukimsema mpaka atafute pa kuweka uso."

Ndivyo walivyofanya siku zote. Mkosaji alipika, akataniwa, yakaisha. Kathini hakucheka. Alikuwa amefundisha biolojia miaka thelathini na moja, mumewe alikuwa amekufa, binti yake Lynn alikuwa kazini Nakuru, na siku za mwethya ndizo pekee nyumba yake ilizopata watu. Alitoa daftari mkobani. Katiba ya kikundi aliiandika yeye.

"Kifungu cha tano. Anayekosa siku tatu bila taarifa anatoka."

"Hiyo tuliiandika ili tusajiliwe tu, Mwalimu," alisema Mumbe.

"Tuliandika, tukatia sahihi."

Mumbe alimtazama. "Basi soma na cha sita. Akitoka mtu, kazi inasimama mpaka zamu zipangwe upya. Itasimama hapa kwako. Shimo halijafika magotini, na mvua ndiyo hiyo inakuja."

"Isimame."

Mikono ya kumtoa Ndulu ilipanda mmoja mmoja, polepole, kwa kuwa imeandikwa. Kisha kila mtu akachukua jembe lake.

Kathini alibaki amesimama, akahisi joto likimpanda kifuani, la kupendeza kabisa. Alilijua. Alikuwa amesoma kwamba mtu anapomwadhibu mdanganyifu, huamka sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo, ile ile inayoitikia chakula na zawadi, na kwamba huamka hata adhabu inapomgharimu anayeitoa. Hakukuwa na mtu wa kumweleza hayo. Kufikia saa nne joto lilikuwa limekwisha. Chai aliyopikia watu wanane ilikuwa bado imejaa kwenye birika.

Alichimba peke yake. Udongo wa pale ni mkavu, na jembe lilidunda kama kwenye sakafu. Siku ya kwanza alishuka sentimita nne, ya pili tatu. Jumapili kikundi kilikutana baada ya kanisa. Aliitwa, hakwenda. Alijibu kwa simu kwamba kifungu hakijadiliwi.

Jumatano Koki alikuja na bakuli lililofunikwa.

"Ni muthokoi wa Ndulu," alisema. "Alipika Jumapili, akaomba msamaha. Mumbe alimuuliza kama matikiti yanamsalimia. Tulicheka, naye akacheka mpaka akakaa chini. Tumemrudisha."

"Na katiba?"

"Ipo, Mwalimu. Haijaenda popote."

"Na zamu?"

Koki alitazama shimo. "Leo ni zamu ya Nthambi, wako kwake. Wewe umewekwa mwisho. Si kwa ubaya. Hukuwepo useme."

"Mwisho ni lini?"

"Januari."

Silanga ya kufaa huhitaji kina cha mita moja na nusu. Wote wawili walijua hilo, na kwamba Januari mvua za vuli huwa zimekwisha.

"Ukija leo kwa Nthambi ukae nao tu," alisema Koki, "si watakupisha kwenye kivuli? Watakusema kidogo. Basi."

"Yeye ndiye aliyekosa."

"Ndiyo, Mwalimu. Alikosa." Koki akashika njia.

Kathini aliweka bakuli juu ya jiwe, akarudi shimoni. Kutoka shamba la Nthambi kilisikika kicheko cha watu wengi, kikakatika, kikaanza tena. Alichimba mpaka matone ya kwanza yalipopiga mgongo wake, saa kumi na dakika kumi. Alichukua ufito akapima. Kina kilikuwa sentimita sitini na mbili.