Fungu la Matonya

Jirani yetu Kuluthumu husimulia kwamba siku ya shauri mama yangu alivua kitambaa cha kichwa, akakitupa mbele ya Bwana Shauri, Mzungu wa boma, akamlaani Abbasi mpaka sauti ikamkauka kooni. Anasimulia vizuri. Mimi mwenyewe hushika mchi nikasahau kutwanga. Lakini siku ile Kuluthumu alikuwa kwao Kondoa, na mimi nilikuwa nimesimama kati ya mama na meza ya Mzungu.

Kwanza naukumbuka upepo. Ulitoka upande wa Nzuguni, ukapita barazani na vumbi lake jekundu, na kila kitu kikawa kama kimezama majini: bendera, ndevu za Mzungu, kanzu ya Abbasi. Nilihisi nikipepesa macho tu nitajikuta nyumbani, baba yu hai, na ng'ombe wanarudi mmoja mmoja kutoka kwenye mwanga.

Ng'ombe hao baba yangu, Matonya, aliwatia katika shirika la Abbasi, Mrangi, rafiki yake wa siku nyingi, mwaka ule reli ilipokuwa inakuja. Abbasi aliwauzia nyama wajenzi, akanunua mifugo mingine, na fungu la baba likakua humo. Baba hakuona ajabu. Kwetu Wagogo mtu huweka ng'ombe kwa rafiki aliye mbali, ukame usije ukawamaliza wote. Kisha humtembelea, hunywa maziwa, huzungumzia mvua, hurudi. Hadai. Kudai ni kusema urafiki umekufa. Anachoweza kuomba ni kuonyeshwa tu, na mtunzaji asiyeweza kuonyesha, wote wanajua kwamba amewala.

Baba alipofariki, mama aliendelea kwenda vile vile, na mimi nyuma yake. Abbasi alitupa chai yenye sukari nyingi. Ng'ombe, alisema, wako malishoni Kongwa. Mama akasema mvua ya huko ni nzuri. Kumbe fungu la baba alikwisha kuliuza, akala. Wajomba walipomwendea, aliwaandikia hundi mbili. Mhindi wa duka la stesheni akazirudisha zote, akitabasamu bila ubaya. "Karatasi nzuri hizi. Nyuma yake hakuna kitu."

Ndipo wakapeleka shauri bomani kwa jina la mama. Tukishindwa, kaka yangu Sila angekwenda kubeba mataruma ya reli ili tulipe kodi, naye kifua chake kilikuwa kibovu tangu utoto.

"Binti, wewe umesoma misheni, utamsemea mama yako kwa Kiswahili," akida aliniambia asubuhi ile. "Aseme neno moja tu: nadai. Asipolisema, Mzungu anafunga shauri."

Njiani nilimwuliza, "Mama, utalisema?"

"Nitasema langu."

Abbasi alitangulia. "Huyu ni shemeji yangu. Amekunywa chai yangu miaka yote. Aliwahi kudai hata ukwato? Kama ana haki, mbona alinyamaza?"

"Sukari ilimgandisha midomo!" mtu akapaza sauti nyuma, na baraza zima likacheka.

Bwana Shauri akamwelekezea mama kalamu, aseme. Mama akasogea mbele.

"Mbukwa, Abbasi," akamsalimu kwa Kigogo, kana kwamba ndiyo kwanza tumefika kwake jioni. Akamwuliza hali ya watoto. Akataja mvua iliyochelewa. Kisha, polepole: "Nimekuja kuwatazama ng'ombe wa Matonya. Nitolee zizini niwaone."

"Amesema nini?" akida akauliza.

Neno lile, nadai, lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu, jepesi kama punje ya uwele. Ningelitia kinywani mwa mama, na pale mezani asingejua mtu. Nikamtazama. Hakuwa ananitazama mimi. Alimtazama Abbasi, uso umetulia, kama mgeni aliyebisha hodi na kusikia watu ndani.

"Amesema," nikatafsiri, "amekuja kuwatazama ng'ombe wa Matonya. Anaomba watolewe zizini awaone."

Waliocheka wakamgeukia Abbasi. Kalamu ya Mzungu ikasimama juu ya karatasi. Abbasi alikijua Kigogo vizuri. Alikuwa ameinama kabla mimi sijafungua mdomo, anakunja na kukunjua ncha ya kanzu yake. Upepo ukapita tena katikati yetu.

"Hata mmoja, Abbasi," mama akasema, kwa upole ule ule. "Hata ndama."

Tukangoja.